Kuvumwani kwenye mawe ya bustani: uiache, uisugue, uifunike au uipake chokaa?

Mvua za Novemba zikianza Tabora, mawe yaliyokaa na rangi ya majivu tangu Mei hubadilika kwa siku moja. Mabaka ya kijivu yanageuka kijani, ya njano yanakolea, meusi yanavimba. Mwenye nyumba akiona hivyo husema mawe yameota ukungu, na mkono unakwenda moja kwa moja kwenye brashi ya waya au chupa ya dawa ya kung'arishia nguo. Hivyo viwili ndivyo vinavyoharibu mawe mengi kuliko kile kilichoota juu yake.

Kilichoota ni kuvumwani, ambayo vitabu vingine huiita laikeni. Mwenye bustani ana njia nne za kushughulika nayo: kuiacha, kuisugua, kuifunika ili joto liiue, au kuipaka chokaa. Kila moja ina mahali pake, na tutazilinganisha hapa kwa mawe ya Tabora na ya Kigoma, kwa sababu hayafanani. Msimamo wetu tuutangulize: amua kwa kazi ya jiwe, usiamue kwa sura yake. Jiwe linalokanyagwa lisafishwe. Jiwe lililokaa tu kando ya maua liachwe. Ugumu uko kwenye mawe ya katikati, nayo tutayafikia.

Kwanza hakikisha ni kuvumwani

Vitu vinne huchanganywa, na dawa ya kimoja haifai kwa kingine.

Chukua kijiko cha maji safi, mimina juu ya baka kavu, subiri dakika moja. Baka la kijivu likigeuka kijani, hiyo ni kuvumwani. Sababu yake ni hii: kuvumwani ni kuvu inayoishi pamoja na miani, yaani vile vijimea vya kijani visivyo na mizizi wala majani, au pamoja na bakteria wa kijani-bluu. Kuvu ndiyo nyumba, inashika maji na kukinga jua kali. Miani wamo ndani, wanatengeneza sukari kwa mwanga. Ngozi ya juu ikiwa kavu ni kama karatasi nyeupe. Ikilowa inapitisha mwanga, ndipo unaona ukijani wa walio ndani. Mswisi Simon Schwendener ndiye aliyesema mwaka 1867 kwamba hivi ni viumbe viwili katika umbo moja, na wenzake wengi walimkatalia kwa miaka.

Baka likiyeyuka kwa maji na kuacha unga mweupe linapokauka tena, ni chumvi inayotoka kwenye saruji au kwenye udongo. Hiyo haihitaji dawa. Inahitaji uzuie maji yanayopanda kutoka chini.

Ukikwangua kwa ukucha ukapata ute wa kijani unaopakaa kidole, hao ni miani peke yao. Hawa ndio wanaowaangusha watu kwenye ngazi. Kuvumwani husingiziwa kosa hilo mara nyingi, na mtu husugua mabaka yake yote akiacha ule ute mwembamba uliomwangusha.

Ukiona vishina vidogo vyenye majani madogo sana, laini kama zulia, hicho ni kigoga. Kinang'oka kwa mkono, na kinapenda kivuli na maji kuliko kuvumwani. Mahali kinapoota kwa wingi pana unyevu usiokauka, labda bomba linavuja.

Michirizi myeusi inayoshuka kwenye majabali makubwa, kana kwamba mtu amemwaga wino juu, nayo ni hai. Ni bakteria wa kijani-bluu pamoja na kuvumwani nyeusi zinazowahifadhi, mojawapo ikiwa jamii ya Peltula inayopatikana sana kwenye majabali ya Afrika. Kama nyumba yako imejengwa kando ya jabali la namna hiyo, usijaribu kuliosha. Njia ya maji ya mvua ndiyo iliyochora michirizi hiyo, na itaichora tena.

Maumbo matatu, na kwa nini yana maana kwako

Ya kwanza ni ile ya ukoko, iliyogandamana na jiwe kama rangi iliyopakwa. Huwezi kuibandua kwa ukucha. Nyuzi zake zimeingia kati ya chembe za jiwe, wakati mwingine kwa milimita kadhaa. Ukiikwangua hadi iishe kabisa, umekwangua na jiwe.

Ya pili ni ya majani, iliyolala juu ya jiwe na kingo zilizoinuka kidogo, imeshikwa chini na vinywele vifupi. Ikilowa unaweza kuibandua kwa kipande cha mti.

Ya tatu ni ya matawi au ndevu, iliyosimama au inayoning'inia. Kwenye mawe ya nyumbani ni nadra. Utaiona zaidi kwenye matawi ya miti ya miombo. Ndiyo inayodhurika kwanza na moshi mchafu, hasa wenye gesi ya salfa, kwa hiyo ukiwa nayo uani ujue hewa yako ni safi. Tuseme na hili hapa hapa, kwa sababu linaulizwa na kila mwenye mwembe: kuvumwani iliyo kwenye gome hainyonyi mti. Imekaa tu pale. Mwembe unaokauka una ugonjwa mwingine, na kuvumwani imeongezeka kwa sababu majani yamepungua na mwanga umefika kwenye matawi.

Ukuaji wake ni wa polepole mno. Ile ya ukoko mara nyingi huongezeka kama milimita moja kwa mwaka kwenda kila upande, nyingine chini ya hapo. Baka lenye upana wa kiganja laweza kuwa na umri mkubwa kuliko nyumba. Mtu akilisugua kwa nusu saa, amefuta kazi ya miaka thelathini au zaidi. Hatusemi usisugue kamwe. Tunasema ujue unachofuta.

Jiwe la Tabora na jiwe la Kigoma

Tabora iko kwenye uwanda wa juu, kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na mawe yake ni granaiti: magumu, yenye chembe zinazong'aa, ya kijivu au mekundu kidogo. Granaiti haina chokaa, inastahimili siki na brashi, lakini ina vijitabaka vya ulanga, yaani zile chembe zinazometameta, na nyuzi za kuvumwani hupenda kupenya humo. Kiangazi ni kirefu na kikavu, kuanzia Mei hadi Oktoba, ndipo kuvumwani inalala. Haifi. Inakauka hadi kuvunjika kwa kidole, kisha umande wa asubuhi ukiilowesha kidogo inafanya kazi saa moja au mbili na kulala tena.

Kigoma mjini, Ujiji na vijiji vya mwambao viko kando ya Ziwa Tanganyika, ambalo uso wake uko kama mita 770 kutoka usawa wa bahari. Mawe ya huko mengi ni ya mchanga uliogandamana, mengine yamegandamana hadi kuwa magumu kama kioo. Yale magumu yatendee kama granaiti. Yale laini, ambayo ukisugua mawili pamoja unapata mchanga mkononi, yanahitaji upole. Chembe zake zimeshikana kwa gundi dhaifu, na brashi ngumu inaondoa chembe pamoja na kuvumwani. Baada ya miaka mitatu ya kusugua kila Krismasi, kona zote za jiwe zimekuwa mviringo. Kingine cha Kigoma ni maji yanakokwenda. Bustani nyingi ziko mteremkoni, na chochote unachomwaga juu ya jiwe kinashuka ziwani kwenye dagaa na migebuka. Kwa hiyo dawa ambayo mtu wa Ipuli au Kitete kule Tabora anaweza kuimwaga na ikaishia mchangani, mtu wa Katonga au Kibirizi huku Kigoma asiifikirie kabisa.

Aina ya tatu ya jiwe ipo kote kuwili: saruji. Ngazi, vigae vya saruji, makaburi yaliyojengewa, msingi wa tanki la maji. Saruji ina chokaa, kwa hiyo huota kuvumwani tofauti na za granaiti, mara nyingi nyeupe au za rangi ya chungwa. Zile za rangi ya chungwa hupenda mahali ndege wanapotua na kunya. Ukiziona kwenye ukingo wa ukuta, angalia juu: kuna tawi au waya.

Njia nne kwa pamoja

| | Kuiacha | Kuisugua | Kuifunika | Kuipaka chokaa |
|---|---|---|---|---|
| Kazi | hakuna | saa 1 hadi 2 kwa mita ya mraba | dakika 20 kwa siku, siku 3 | saa 1, kila mwaka |
| Msimu | wowote | mvua | Agosti hadi Oktoba | mwanzo wa kiangazi |
| Granaiti | nzuri | nzuri | nzuri sana | inabanduka |
| Jiwe laini la mchanga | nzuri | kwa uangalifu | nzuri | inaziba jiwe, haiondoki vizuri |
| Saruji | nzuri pasipokanyagwa | nzuri | nzuri | nzuri |
| Inarudi baada ya | — | miaka kadhaa | miaka kadhaa | chokaa ikipoteza ukali |

Jedwali halisemi yote. Njia ya tatu ndiyo isiyojulikana sana, nayo ndiyo tunayoipendekeza zaidi kwa mtu wa Tabora mwenye ngazi za mawe, kwa hiyo tutakaa hapo muda mrefu kuliko kwingine.

Kuiacha

Wasiwasi mkubwa ni kwamba kuvumwani inakula jiwe. Ni kweli inatoa asidi, hasa ya oksaliki, na inavuta chembe kila inapolowa na kukauka. Ndivyo majabali yalivyoanza kuwa udongo tangu zamani. Lakini kasi yake kwenye granaiti haihesabiwi kwa umri wa mtu. Jiwe la bustani litahamishwa, litapasuliwa au litajengewa ukuta kabla kuvumwani haijalifanya lolote. Kwenye jiwe laini la mchanga hasara ipo, ila bado ni ndogo kuliko ya brashi ya waya.

Faida ni rangi, na rangi zake hazipauki kwa jua. Hakuna mpaka-rangi wa Tabora atakayekupa njano, kijivu, nyeusi na chungwa kwenye jiwe moja zikadumu miaka arobaini bila kurudiwa. Rangi hizo zilikuwa na thamani ya fedha: karne ya 19 aina moja ya pwani, ambayo kamusi za zamani huiita malele au marere, ilisafirishwa kutoka Zanzibar kwenda kutia nguo rangi ya zambarau. Ile karatasi ya litimasi iliyokuwa ikigeuka nyekundu kwenye asidi katika maabara ya shule, rangi yake ya asili ilitoka kwenye kuvumwani za jamii hiyo hiyo.

Ukiamua kuiacha, iache kweli. Usimwagie mbolea ya chumvichumvi juu ya jiwe, usiliweke karibu na jiko la kuni au mahali pa kuchomea takataka, usiligeuze. Jiwe lililokuwa linatazama mashariki likigeuzwa kutazama magharibi, kuvumwani yake hupata jua la mchana badala ya la asubuhi na nyingi hufa. Ukihamisha jiwe, tia alama ya chaki upande wa juu na upande wa mashariki kabla ya kuliinua. Na usiingize vidole chini yake. Inua kwa mtaimbo kwanza, nge hulala humo kiangazi chote.

Kuisugua

Hii ni ya ngazi chache, ya mawe ya kukanyagia yasiyozidi mita mbili au tatu za mraba, na ya mtu asiyetaka kusubiri kiangazi.

Lowesha gunia la katani, litandike juu ya jiwe kwa nusu saa. Usiruke hatua hii. Kuvumwani kavu ni ngumu na inavunjika vipande vinavyoruka. Vumbi lake linawasha watu wengine ngozi na pua. Ikiwa imelowa inakuwa laini kama ngozi ya maharage yaliyochemshwa. Toa gunia, kwangua kwa kipande cha mwanzi kilichochongwa kama patasi au kwa mwiko wa mbao uliochakaa. Kisha sugua kwa brashi ya kufulia ya nailoni, kwa mizunguko, bila sabuni. Suuza kwa maji kidogo kidogo. Ndoo moja ya lita 20 inatosha mita ya mraba moja ukiwa na nidhamu.

Angalia maji yanayotoka. Yakiwa ya kijani au kahawia, endelea. Yakianza kubeba chembe zinazometameta au mchanga, acha hapo hapo, hata kama bado kuna kivuli cha baka. Kivuli hicho ni nyuzi zilizo ndani ya jiwe na hazitatoka. Zitapauka zenyewe kwa jua ndani ya msimu mmoja.

Vipande ulivyokwangua vikusanye kwa kitambaa, uvitupe mbali na mawe mengine. Kipande kidogo chenye kuvu na miani ndani yake kinaweza kuanza upya popote kinapokwama.

Kinachoharibika mara nyingi ni haya. Brashi ya waya huacha vinyweleo vya chuma kwenye vitundu vya jiwe. Mvua ya kwanza ikinyesha, jiwe jeupe lina madoa ya kutu yasiyotoka. Msasa na panga huacha michubuko, na jiwe lenye michubuko hushika unyevu na vumbi, kwa hiyo kuvumwani inayofuata hupata makao mazuri zaidi. Mashine ya maji ya kuoshea magari haina neno kwenye granaiti ukisimama hatua moja nyuma; kwenye jiwe laini la Kigoma itachimba mashimo.

Kuifunika

Siri yake ni moja. Kuvumwani ikiwa kavu inavumilia joto la ajabu, zaidi ya nyuzi 60, ndiyo maana inakaa juu ya jabali la Oktoba bila shida. Ikiwa imelowa iko macho, na ikiwa macho, nyuzi 50 hivi kwa saa kadhaa huiua. Katika maisha yake ya kawaida hali hizo mbili hazikutani: jua likiwa kali, yenyewe imeshakauka. Kazi yako ni kuzikutanisha.

Unahitaji nailoni nyeusi nzito, ile inayotandikwa chini ya zege, iliyozidi jiwe kwa sentimita 30 kila upande. Ndoo ya maji. Na udongo au mchanga wa kuzibia kingo. Fanya kati ya Agosti na Oktoba, siku isiyo na mawingu.

Saa moja asubuhi mwagia jiwe maji polepole, rudia baada ya dakika kumi, hadi mabaka yote yageuke rangi na kubaki hivyo. Yakirudi kijivu kabla hujafunika, hayajanywa vya kutosha. Funika, vuta nailoni iguse jiwe kila mahali, zungushia udongo kingo zote ili mvuke usitoke. Iache hadi saa kumi jioni. Funua, acha jiwe lipumue usiku, kesho lowesha tena ufunike tena. Siku tatu zatosha kwa jiwe la ukubwa wa kiti.

Baada ya hapo usifanye kitu. Kuvumwani iliyokufa haidondoki siku hiyo. Ndani ya wiki mbili au tatu inapauka kuwa nyeupe au kahawia, na mvua za Novemba zinaiosha, ukisaidia kidogo kwa brashi laini. Jaribio ni lile la kijiko cha maji: isipogeuka kijani, imekwisha.

Njia hii hushindwa kwa sababu tatu. Ya kwanza, kivuli. Chini ya mwembe nailoni haipati joto, na unachotengeneza ni chumba chenye unyevu ambacho miani wanakipenda. Mahali hapo rudi kwenye brashi, au punguza matawi kwanza. Ya pili, jiwe kubwa mno. Jabali la ukubwa wa gari linameza joto lote ndani na uso wake haufiki kiwango. Ya tatu, tundu kwenye nailoni: upepo unaingia, jiwe linakauka kabla ya saa tano, na kuvumwani imelala salama ndani ya joto lako. Ukifunua mchana na kukuta upande wa ndani wa nailoni hauna matone ya maji, ujue hilo limetokea.

Maua yaliyo ndani ya ule ukingo wa sentimita 30 yatakufa. Yahamishe au kubali.

Kuipaka chokaa

Mawe meupe kando ya njia ya kuingilia ni desturi ya shule, ofisi na nyumba nyingi za mikoa hii miwili, na usiku yanasaidia kuonyesha njia pasipo na taa. Chokaa ikiwa mpya juu ya jiwe ni kali mno kwa kuvumwani na huiua chini yake. Kilo moja ya chokaa ya unga kwa lita mbili za maji, chumvi ya mezani konzi moja ili ishike, koroga, ichuje kwa kitambaa, ilale usiku mmoja. Lowesha jiwe kabla ya kupaka. Paka mara mbili nyembamba. Moja nzito hupasuka. Vaa glavu na linda macho, chokaa inaunguza.

Tatizo ni kwamba haishiki vizuri kwenye granaiti. Msimu wa kwanza wa mvua unaibandua kwa mabaka, na jiwe lenye chokaa nusu ni baya kuliko lenye kuvumwani. Isitoshe, chokaa ikikaa miezi inapoteza ukali wake, na hapo kuvumwani zinazopenda saruji zinahamia juu yake. Basi chokaa ni ahadi ya kila mwaka. Kama huna nia ya kuitimiza kila Juni, usianze. Jiwe likishapakwa halirudi kuwa kama lilivyokuwa. Udongo unaozunguka nao unapokea chokaa inayodondoka, na mimea inayopenda udongo wenye asidi itanyauka kando yake.

Dawa ambazo watu humwaga

Dawa ya klorini ya kufulia inaua ute wa miani kwenye saruji: sehemu moja kwa sehemu tisa za maji, dakika kumi, suuza sana. Kwa kuvumwani ya ukoko haitoshi. Inapausha juu, ndani inabaki hai. Kwenye mawe yenye chuma hugeuza rangi kuwa ya kutu. Usiichanganye na siki wala asidi yoyote, hutoa gesi inayoharibu mapafu.

Siki inakula saruji kabla haijaisumbua kuvumwani. Chumvi inaua bustani. Mrututu, ambao wakulima wa kahawa wanaujua, unaua kuvumwani kweli kwa sababu ya shaba iliyomo, ila unaacha doa la kijani-bluu, unabaki kwenye udongo kwa miaka, na ni sumu kali kwa samaki. Kigoma usiutumie. Tabora hatuuoni una nafasi mahali ambapo jua la Septemba linafanya kazi hiyo bure.

Madini yanayofanya kazi taratibu yako juu ya paa lako. Mawe yaliyo chini ya matone ya bati huwa safi kuliko ya jirani, kwa sababu bati jipya limepakwa zinki, na maji yanayotiririka juu yake yanabeba zinki kidogo ambayo kuvumwani haiipendi. Kama unataka mawe yako yaote rangi, yaweke mbali na mchirizi wa paa.

Jiwe kwa jiwe

Ngazi na njia ya kukanyaga: funika kiangazi kama pana jua, sugua kama hapana. Halafu shughulikia maji. Ngazi inayokauka saa moja baada ya mvua haitelezi, hata ikiwa na mabaka.

Mawe ya kuzungushia maua, majabali, kuta za mawe makavu: acha.

Kaburi la familia lililojengewa: sugua maandishi tu, kwa mswaki laini na maji, na usiguse pembeni. Kwangua kwa mwanzi ndani ya herufi kutoka katikati kwenda nje, ukilivuta baka badala ya kulichimba. Usitumie dawa, herufi zilizochorwa kwenye saruji ni za kwanza kuliwa.

Jiwe la kufulia na jiwe la kusagia: maji ya moto na brashi, basi. Chochote kingine kitaingia kwenye nguo au kwenye unga.

Msingi wa tanki la maji: angalia kama kuvumwani imekaa juu ya ufa. Inapenda nyufa kwa sababu zinashika maji. Sugua pale ili uone ufa una upana gani, kwa sababu ufa ndio ugonjwa.

Ukitaka iongezeke

Wapo wanaoleta jiwe jipya kutoka machimboni na kuliona limekaa uchi kando ya yale ya zamani. Ushauri wa kulipaka mtindi umeenea, nasi hatuukubali. Mtindi unaotesha ukungu wa chakula na kuita sisimizi; kuvumwani haiuhitaji, chakula chake kinatoka kwenye mwanga. Kinachosaidia ni jiwe lenye uso wa kukwaruza, lililowekwa karibu kabisa na jiwe lenye kuvumwani ya aina hiyo hiyo ya mwamba, likitazama upande uleule. Mwanzo wa mvua chukua vipande vidogo vilivyodondoka vyenyewe, visage kwa vidole na maji, vipake kwenye vitundu vya jiwe jipya, kisha usiliguse. Granaiti kwa granaiti, saruji kwa saruji, ukichanganya haishiki. Angalia tena Februari, mvua zikiwa zimekolea, kwa kioo cha kukuzia: vidoa vya kijani vyenye ukubwa wa kichwa cha pini vikiwa bado vimeshika, vimekubali.